Nilifuta Firigisi, Lawama Akabeba Rafiki Yangu

Nianze na kosa lenyewe kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nilifuta kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu, nikakifuta kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo alipolaumiwa mbele ya watu nikanyamaza kana kwamba sikuwepo. Haya, nimesema! Sasa nipe nafasi nikueleze ilivyokuwa. Ukitaka kucheka, cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka kidogo.

Mimi ni mpishi wa sherehe hapa Kitale. Nyumbani ni Matisi. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, kwa hivyo ukiniuliza mimi ni wa wapi, nitakuambia wa hapa. Kazi naifanya na rafiki yangu, nitamwita Nafula, mtu wa Sirisia kule Bungoma. Mimi nashika sufuria, yeye anashika wateja na kompyuta. Hayo mambo ya kompyuta ameyasomea.

Nafula ndiye aliyetuletea Karani. Karani si mtu. Ni msaidizi wa AI anayejibu wateja kwenye simu, anapanga menyu, halafu anawatumia wapishi wetu maagizo ya siku: nani akate vitunguu, mchele ulowekwe saa ngapi, kila kitu. Yote anayoyajua yametoka katika faili mbili tulizomwandikia sisi. Moja ni ya maagizo, namna ya kufanya kazi. Ya pili ni kumbukumbu zake, yaani wateja wetu na desturi zao. Kisichokuwa mle ndani, Karani hakijui.

Sasa, Nafula aliziweka faili hizo kwenye mfumo unaotunza matoleo yote ya zamani. Ukibadilisha hata neno moja, mfumo unaandika jina lako na kukuuliza sababu. Ukiharibu, unarudi kwenye toleo la jana na maisha yanaendelea. Tena tulikubaliana kwamba hakuna mtu kubadilisha kitu bila mwenzake kukipitia kwanza. Jamani, mimi nilichoka! Yaani niongeze chumvi kwenye ndengu, nikae chini niandike sababu?

Katika zile kumbukumbu, Nafula alikuwa ameandika kifungu kirefu cha kuku. Kirefu! Kwa watu wao kuku wa mgeni ana utaratibu wake. Firigisi haikatwi wala haichanganywi na kitu. Inabaki nzima, inaenda kwenye sahani ya mkubwa wa wageni, na akiikosa anajua umemdharau. Kwetu sisi kuku ni kuku. Firigisi mimi naimaliza jikoni nikionja chumvi.

Shida ni kwamba Karani alikishika kifungu hicho mpaka akapitiliza. Mama mmoja wa hapa mjini aliagiza chakula cha sherehe ya mtoto wake kutimiza mwaka. Karani akamwandikia kwa heshima zote: "Tafadhali tuambie mkubwa wa wageni ni nani, ili tumwekee firigisi." Mama akanipigia simu mimi.

"Mkubwa wa sherehe ni mtoto wangu, ati mnataka kumpea firigisi? Ako na meno nne! Si itamkwama kwa koo, bana!"

Aibu niliyoona! Nikaomba radhi, nikakata simu, nikaamua kifungu hicho lazima kiondoke. Kompyuta yangu haikuwa na chaji. Ya Nafula ilikuwa wazi mezani, mwenyewe ameenda sokoni kununua nyanya. Nikaketi pale, nikafuta kifungu kizima. Mfumo ukaniuliza sababu, nikaandika neno moja: usafi. Na kwa kuwa mwenye mfumo ni Nafula, kompyuta yake haikuuliza ni nani mwingine amepitia.

Nilinuia kumwambia akirudi. Wallahi nilinuia! Lakini alirudi na nyanya na kisa cha wauza kabeji wawili waliogombania kivuli cha mwavuli, tukacheka mpaka machozi. Habari ya firigisi ikanitoka kichwani.

Ikafika siku ya Sirisia.

Mjomba wake Nafula, kaka yake mama, ambaye wao humwita khocha, alikuwa anapokea wageni waliokuja kuposa binti yake Nekesa. Akina mama wa pale nyumbani walitaka kupika wenyewe. Khocha akakataa. Akawaambia kazi apewe Nafula, ni mtoto wa nyumbani na anajua yote. Nafula alilala na maneno hayo wiki nzima kwa furaha. Kwake ile haikuwa kazi ya pesa, ilikuwa ni kurudi kwao kichwa kikiwa juu.

Asubuhi ya siku yenyewe alinawa, akavaa, akaenda kuwakaribisha wageni. Jikoni nikabaki mimi na maagizo ya Karani. Yakasema firigisi zote zikatwe vipande vidogo, zitiwe kwenye pilau. Nikaona ni wazo zuri sana, kile kifungu nilichofuta hakikunijia akilini hata kidogo. Nikazikatakata kwa mikono yangu hii, tena nikiimba.

Mkuu wa wageni alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa Lwakhakha, ana koti jeusi na sauti ya taratibu. Aliletewa kuku wake. Akageuza vipande kwa kidole, akageuza tena, akainua uso.

"Hii kuku," akasema, "ilikuwa inasaga chakula na nini?"

Akaisukuma sahani mbele, na watu wake wote wakasukuma zao. "Sisi tumekuja na heshima. Kama hamtutaki, si mngetuma tu neno, tungebaki kwetu?" Nekesa alikuwa anachungulia mlangoni, na wanja wote wa macho ukaanza kuteremka mashavuni.

Nafula akaja jikoni mbio, Khocha nyuma yake, na nyuma ya Khocha wale akina mama walionyimwa kupika. Nikaonyesha sufuria ya pilau kwa mwiko.

"Nani alisema ikatwe?"

"Karani," nikajibu. Na kweli ni Karani.

Akatoa simu, akafungua historia ya zile faili. Nilimwona akitafuta, akashuka chini, akasimama. Akasoma kwa sauti ndogo jina la aliyefuta. Lilikuwa lake. Na sababu: usafi.

"Ni mimi, Khocha," akasema. "Ni mimi nilifuta. Sijui nilikuwa nafikiria nini."

Mwenzangu, hapo ndipo mahali pa kusema! Maneno mawili tu, ni mimi. Nilikuwa na mwiko mkononi na ulimi mdomoni, vyote viwili havikufanya kazi. Nikajiambia si wakati wake, wageni wale kwanza. Baadaye nikajiambia si wakati wake, mzee ana hasira. Halafu nikajiambia ameshaomba msamaha, nikianza tena nitawachanganya watu.

"Ulienda Kitale ukasahau kwenu?" Khocha alimwambia mbele ya wote. "Hawa wamama nilikataza kupika nikasema Nafula anajua. Kumbe hujui kitu." Mama mmoja akakohoa kikohozi cha kusikika.

Ndoa haikuvunjika, usiwe na wasiwasi. Jogoo wa jirani ndiye aliyeumia. Ungewaona wanaume waliovaa suti wakimfukuza katikati ya maharagwe! Nilimnyonyoa upesi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mzee wa Lwakhakha akaipokea firigisi yake, akaitafuna bila haraka, akafuta mdomo, mazungumzo yakaendelea. Nekesa leo ni mke wa mtu.

Aliyevunjika ni Nafula.

Alianza kuangalia gesi mara mbili, halafu mara tatu. Akaniuliza kama ameweka chumvi wakati nimemwona kwa macho yangu akiiweka. Siku moja akanisogezea kompyuta. "Hizi faili si ukae nazo wewe? Hii kichwa yangu siiamini. Wewe uko makini." Mimi, makini! Na unajua nilimjibu nini? Asante. Mungu anisamehe, nilisema asante.

Kisha akaniomba nimsindikize hospitali. Nikamuuliza anaumwa wapi.

"Nataka wanipime kichwa," akasema. "Kukhu yangu, mama ya mamangu, alianza hivi hivi. Anafanya kitu leo, kesho anaapa si yeye. Mwisho alikuwa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani."

Tuliketi kwenye benchi tukingoja aitwe. Alinishika mkono, wake ulikuwa baridi. "Unajua nini inaniogopesha?" akasema. "Nimejaribu kukumbuka nikifuta. Nimejaribu kabisa. Hakuna kitu."

Nikashindwa.

"Nafula, huwezi kukumbuka. Si wewe."

Nikamwaga yote kwa pumzi moja: mtoto wa meno manne, chaji, nyanya, usafi. Akautoa mkono wake mkononi mwangu. Akaanza kusoma bango la ukutani linaloeleza namna ya kunawa mikono, akalisoma lote. Muuguzi akaita jina lake, akainuka na kuingia, mlango akauacha wazi, nikamsikia.

"Daktari, mimi nimepona. Mgonjwa ni yule ameketi hapo nje."

Nilicheka! Nilidhani yamekwisha. Alipotoka nikaona analia, na kicheko changu sikujua nikiweke wapi.

Alininunia kwa muda mrefu. Kazi tulifanya, lakini alinisemesha kupitia Karani. Naona simu inalia, nafungua, nasoma: "Nafula anaomba umpitishie kisu kikubwa." Naye amesimama nyuma yangu! Nampa kisu, Karani ananiandikia kwamba Nafula anashukuru.

Hatimaye alisema neno kwa mdomo wake. Neno lenyewe lilikuwa Sirisia. Nilichosema kwenye benchi, alitaka nikakiseme kule, mbele ya watu wale wale.

Tukaenda na jogoo. Nilimpika katika jiko la mke wa Khocha, firigisi nzima, wale akina mama wakinitazama mikono kama wasimamizi wa mitihani ya taifa. Chakula kilipowekwa nikasimama. Nikasema yote, pamoja na wimbo niliokuwa naimba nikikata. Nikasema Nafula hakusahau kwao hata siku moja.

Khocha akaitoa firigisi kwenye sahani yake, ile iliyo haki yake kama mkubwa wa nyumba, akaiweka kwenye sahani ya Nafula. Minong'ono! Pale kwao zamani mwanamke hakuigusa, na bibi mmoja akaanza kusema hivyo.

"Kula, mama," Khocha akamwambia Nafula, wala hakumtazama bibi. "Mimi nilikukemea mbele ya watu na haikuwa wewe. Nimekosa." Nafula akala huku analia, analia huku anatafuna.

Halafu Khocha akanigeukia. "Na wewe msichana wa Matisi, yako ni hii." Akaniwekea mguu wa kuku, kucha zote zikiwa mahali pake. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Niliula wote, hata mahali pasipo na kitu.

Kifungu cha kuku kimerudi. Kilirudi mara moja tu nilipofungua toleo la zamani, ndiyo maana ya ule mfumo niliokuwa naulalamikia! Tumeongeza mstari kwamba firigisi iulizwe kwenye sherehe za wakwe, si kwa watoto wa mwaka mmoja. Nilitumia kompyuta yangu na jina langu, na mahali pa sababu niliandika: nilifuta mimi, si Nafula. Ipo mle, mfanyakazi yeyote wetu anaweza kuisoma.

Na mimi na Nafula tunaelewana. Tunapika, tunacheka, Karani ameacha kutupelekea salamu. Ila kuna jambo moja. Nikiingia ofisini nikamkuta anafanya kazi, anaifunga kompyuta. Anaifunga pole pole, bila hasira, hata anatabasamu na kuniuliza kama nitakunywa chai. Afadhali angenigombeza.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya, kama kuna kitu mnachokitunza wawili, usikiguse ukiwa umekaa kwenye kiti cha mwenzako. Na ukikigusa, mwambie siku hiyo hiyo, kabla hajamaliza kupanga nyanya zake, hata kama ana kisa kitamu cha sokoni. Usingoje mpaka aanze kuogopa kichwa chake mwenyewe.

Mimi siku hizi nagonga mlango kabla ya kuingia, halafu nangoja kidogo. Nampa nafasi ya kuifunga kabla sijaona.