Mashine Iliyochaguliwa Dirishani

Mwitaliano mmoja mjenzi, ambaye nilimwandikia barua zake miaka mingi, aliniachia birika lake dogo la aluminiamu siku aliporudi kwao. Lilikuwa la kupikia ile kahawa yao nyeusi, nzito, waliyoiita espreso. Maji yanakaa chini, kahawa katikati, na moto unayapandisha maji mpaka juu. Nililibeba nyumbani kana kwamba nimepewa ufunguo wa mji wetu mzima wa Élisabethville. Wakati ule nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, na Kifaransa changu, nikijisifu mwenyewe, kingeweza kusimamisha treni.

Mke wangu alitwanga kahawa katika kinu cha mahindi, tukaliweka birika motoni. Lilipiga kelele, likatema, na doa likabaki darini mpaka tulipohama nyumba ile.

“Hii kintu iko na shetani,” mke wangu akasema.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Hakucheka.

“Kosa haiko ya birika,” akasema. “Iko ya kinu. Inatoa moja unga, ingine mawe. Maji inapita kwenye mawe, inagonga ukuta kwenye unga. Tafuta masini ya kusaga, yenye meno ya sawasawa.”

Baba alikuwa fundi wa chuma katika karakana ya reli tangu alipotoka kaskazini akiwa kijana. Alishika kila chuma kilichopita njia ya reli ya Sakania, kule mpakani. Mimi nilikuwa nikisema reli nzima ilitembea kwa mikono yake, na kwa hilo sikuongeza chumvi nyingi. Kisha ukungu mweupe ulimfunika macho yote mawili, wakamrudisha nyumbani. Tangu siku ile hakuna mtu aliyemwomba tena ashike mashine. Walimletea uji, walimletea rozari, walimsomea habari. Alikuwa akipapasa bawaba ya mlango kwa kidole, asubuhi hata jioni, akitafuta kasoro.

Nikamwambia, “Baba, weye njo utachagua.”

Aliondoa kidole kwenye bawaba. Halafu akaomba koti lake la Misa.

Njiani kwenda mjini alinifundisha. Kwanza unashika mpini, unautikisa: ukicheza, mashine imekufa kabla ya kuzaliwa. Pili unapitisha kidole ndani, unahesabu meno, unaangalia kama yana urefu mmoja. Tatu unazungusha tupu, bila kahawa, unasikiliza. Alitembea haraka, akining'ang'ania kiwiko, kama mtu anayeitwa kazini.

Lakini siku zile dukani sisi weusi hatukuingia kwa mlango wa mbele. Kulikuwa na dirisha dogo ubavuni mwa jengo, na hapo ndipo tulipohudumiwa. Nililijua dirisha lile, nilinunua hapo kila juma. Na bado, kwa furaha ya kumwona Baba amevaa koti, nilisahau kwamba dirishani hatukuruhusiwa kugusa kitu kabla ya kukilipia. Foleni nyuma yetu ilikaribia kufika Sakania.

Karani wa dukani, kijana wa Kasai mwenye adabu, alileta mashine mbili akaziweka kwake, ndani. Moja ilikuwa chuma kitupu, imepakwa kijani cha mlango wa sakristia. Ya pili ilikuwa ya mbao, ina droo ndogo na maua mekundu yaliyochorwa.

Baba akanyoosha mkono.

“Muzee, kushika hapana,” karani akanong'ona. “Madamu mwenye duka eko nyuma yangu.”

“Bon. Zungusha weye, nisikie.”

Karani akazungusha ile ya kijani. Baba akainamisha kichwa. “Ile ingine.” Akazungusha ya maua. “Rudisha ya kwanza. Polepole, mwanangu.”

Nyuma yetu watu wakaanza.

“Muzee, unaoa ao unanunua?”

“Muache, anaungamisha masini!”

“Ikitubu, atupatie na siye nafasi!”

Kicheko kikapita foleni nzima. Mimi nilikuwa nimevaa tai. Nilisikia joto linapanda shingoni. Baba aliinua mkono kuomba mzunguko wa tatu, na mimi, kwa Kifaransa changu cha darasani, kwa sauti kubwa ili Madamu asikie, nikasema: hiyo ya maua.

Karani akaifunga. Mkono wa Baba ulikuwa bado juu.

Nyumbani aliizungusha mara moja, akatia kidole ndani, akakitoa. “Iko muzuri,” akasema. Maneno mawili tu. Mtu ambaye ungemtajia parafujo nzuri angekueleza mpaka jua litue. Nilijua, na sikutaka kujua.

Kahawa ikatoka mbaya: nusu uchungu, nusu maji ya kuoshea vyombo.

Juma lilelile aliniomba tupa yake ndogo kutoka katika sanduku la karakana.

“Ya nini, Baba?”

“Ya kucha.”

Nikampa, nikaenda kazini.

Zikapita Jumapili tatu au nne. Siku moja baada ya Misa, kahawa ilipanda birikani taratibu, nyeusi, ina povu la rangi ya tofali, na harufu yake ingemwamsha gavana mwenyewe. Wageni wakasifu. Mimi nikasimama katikati ya nyumba nikawatangazia kwamba mashine njema ni kujua kuchagua, na kwamba mpya zote hulegea zikizoea mkono. Baba alikuwa na kikombe chake.

“Ulichagua muzuri,” akasema.

Alituacha mvua za mwaka ule zilipoanza.

Muda mrefu baadaye mpini ukawa mgumu kuzunguka, nikaifungua mashine kwa mara ya kwanza. Meno yalikuwa yamepigwa tupa, moja baada ya jingine, mpaka yote yakawa na urefu mmoja. Na chini ya mpini, pale ambapo bila shaka ulikuwa ukicheza, kulikuwa na pete nyembamba ya shaba, imekatwa kwa mkono, imelainishwa ukingo.

Nikamwita mke wangu aone. Hakusogea karibu.

“Miye njo nilimushikia masini,” akasema. “Nilimupatia parafujo moja moja. Alikuwa anaimba.”

“Mbona haukuniambia?”

“Alikataza. Alisema utasikia haya.”

Nilitia tone la mafuta, nikairudisha pete mahali pake. Nimeingia maduka mengi tangu hapo, kwa mlango wa mbele, na kila mashine naitikisa mpini, naitia kidole, naizungusha tupu mara tatu, hata wauzaji wakichoka. Sijanunua hata moja.