Bakuli la Uji Lililofika Japani

Daktari aliyetupima damu miaka miwili nyuma alituita Kasulu kutusomea matokeo. Akina mama wote wa kijiji chetu cha Kitahana tuliokuwa tukinyonyesha wakati ule tuliletwa kwa gari, tukapangwa kwenye viti vya plastiki. Ukutani akarusha picha ya nguzo zinazopanda: ya kwanza fupi, inayofuata ndefu, ya mwisho karibu itoboe dari.

"Hizi ni mara ambazo watafiti wenzangu wameitaja makala yetu kwenye makala zao," akasema, uso unang'aa. "Japani! Brazili! Akina mama, mnanukuliwa!"

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikunja mikono. Japani wananinukuu, mimi nasubiri kukatwa mguu.

Maana makala yenyewe ilisema hivi: mama wa milima yetu akilala bila kula, anaamka sukari iko juu kuliko inavyotarajiwa. Ajabu hiyo ndiyo iliyompa daktari jina. Wengine wakasema ni mihogo, wengine wakasema ni jembe, kila mtu akaandika makala yake juu ya makala ya daktari. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopewa karatasi: sukari yako imezidi, nenda ukarudie kipimo. Sikwenda. Mama yangu alikufa kwa kisukari, mguu mmoja umetangulia kaburini. Wewe ungekwenda? Mume wangu alitaka mtoto wa pili, nikamwambia asiniguse, sizai yatima.

Daktari akaendelea: "Na wote hawa walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu jioni."

Hapo nikaikumbuka asubuhi ile.

Kwetu mama mwenye kichanga hatoki nyumbani na tumbo tupu. Ni aibu ya mama mkwe, si yake. Asubuhi ya kipimo, mama mkwe wangu alinizibia mlango, mkononi bakuli la uji wa ulezi, sukari ameimwaga kama chumvi ya ng'ombe. "Kunywa! Unataka waseme mjukuu wangu ananyonya upepo?" Nikanywa. Kule zahanati nesi akaniuliza kama nimekula, nikasema hapana. Ningesema nini? Nimshtaki mama mkwe kwa wageni?

Nikamwinamia jirani yangu wa kiti. "Mwenzangu, siku ile ulikunywa uji?"

"Uji tu? Na kiazi juu."

Akacheka puani. Wa nyuma yake akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akaziba mdomo kwa kanga. Kicheko kikatembea mstari hadi mstari. Nikasimama, binti yangu kiunoni.

"Daktari, mimi nilikunywa uji."

"Lini, mama?"

"Siku uliyotupima. Kabla hujanichoma."

"Kidogo?"

"Bakuli. Nikalamba."

"Na mimi!" akapaza mwingine. "Mimi mawili, nina mapacha!"

Daktari akageuka akazitazama nguzo zake. Akatugeukia tena. "Wote?" akauliza, sauti imekonda.

Mkubwa wetu kwa umri akamjibu kwa huruma: "Ungewauliza wakwe zetu, mwanangu."

Ukumbi ukapasuka. Nilicheka hadi machozi, na katikati ya kicheko hasira ikanipanda nikapiga kelele: "Miaka miwili! Miaka miwili naangalia vidole vya miguu kila asubuhi kama naangalia kuku wenye kideri!"

Daktari akaiacha picha yake ukutani. Alikuja hadi kwenye kiti changu. "Kesho asubuhi nakupima mwenyewe. Lakini nakuomba, dada yangu, usile."

Tulilala gesti. Wenzangu walinilinda kama mahabusu. Hata andazi la mwanangu walilificha. Asubuhi nilikuwa mwepesi kwa njaa, sakafu inacheza chini yangu. Daktari akaja, nikamweleza ya mama yangu, akanichoma kidole, akasoma kipimo. Akatoboa kingine, akasoma tena.

"Sema basi!"

"Kawaida," akasema. "Kawaida kabisa. Kwa sababu ya mama yako upime kila mwaka, ila leo huna kisukari."

Nikakaa chini palepale, nacheka, binti yangu naye anacheka bila kujua anacheka nini.

"Itabidi niwaandikie wenye jarida," akasema daktari. "Na wote walionukuu watajua."

"Watakucheka?"

"Sana."

"Vizuri," nikamwambia, na nilimaanisha. Kisha nikamkumbatia, na hilo pia nilimaanisha.

Nikampigia mume wangu nikiwa mapokezi ya gesti.

"Unalia au unacheka?" akauliza.

"Sina kisukari, wewe mwanaume!" nikapaza. "Tunazaa!"

Mapokezi yote yakageuka kunitazama. Mzee mmoja aliyekuwa analipia chumba akanipa hongera.