Jina la Sefu Kwenye Orodha

Wiki iliyopita nilikuwa nikipita mbele ya duka la vifaa vya michezo, mahali wanapobandika majina na namba mgongoni mwa jezi, na kijana wa duka akashusha pasi yao kubwa juu ya kitambaa. Harufu iliyopanda, ya nailoni iliyopashwa moto na gundi inayoyeyuka, ilinisimamisha palepale. Watu walinipita wakidhani nasubiri huduma. Mimi nilikuwa nimesharudi mtaa wa Doornfontein, ghorofa ya pili, kwenye chumba cha ushonaji cha baba yangu, nina miaka kumi na sare ya shule, nikifanya hesabu za mwalimu huku masikio yangu yakiwa kwingine kabisa.

Baba alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Alishona suruali za watu na mapazia ya makanisa, na kila Januari alishona jezi za timu yetu. Ilikuwa timu ya wahamiaji, Wakongo, Watanzania na Warundi, iliyofanya mazoezi kwenye kiwanja chenye nyasi nusu kule Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Siku za mbio hizo kocha alipiga kelele, na kipaza sauti cha uwanja ule kikamzidi nguvu, watoto wakakimbilia upande usiotakiwa. Kwa kuwa baba alikuwa na mwandiko mzuri, walimfanya pia katibu. Yeye ndiye aliyejaza fomu za kuwaandikisha watoto kwenye ligi ya vijana.

Kila mwaka kocha, Mrundi mpole aliyeitwa Bosco, aliwajaribu watoto wa mitaa yetu na kuchagua watano wa kuandikishwa kwenye ligi na kulelewa. Watano hao ndio walioleta maneno yote ninayotaka kuwasimulia.

Jumamosi mchana mashabiki walihamia chumbani kwa baba na chupa ya chai. Msemaji mkuu alikuwa Kombo, Mzanzibari aliyeuza kava za simu kando ya barabara, mtu aliyekumbuka kila mtoto aliyewahi kuchaguliwa na mwisho wake. Mpinzani wake alikuwa Papa Dede wa Lubumbashi, mlinzi wa maduka, aliyedai kwamba zamani alikuwa golikipa. Hakuna aliyewahi kumwona akidaka chochote.

"Nitajieni mmoja," Kombo alikuwa akianza. "Miaka sita anachagua watoto. Nitajieni mmoja aliyefika mahali."

"Yule winga wa kwanza," Papa Dede alijibu.

"Anaita abiria kwenye stendi ya teksi."

"Yule mrefu wa nyuma?"

"Kanenepa. Anapiga gitaa kanisani."

"Gitaa anapiga vizuri, lakini."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya kocha wetu, kutoa wapiga gitaa."

Walicheka, kisha kicheko kikaisha, na hapo ndipo mashaka yalipoanza. Papa Dede aliinamisha kichwa na kushusha sauti. "Iko kitu. Miye nasema iko kitu. Bosco anajua mpira, lakini anachagua kama kipofu. Mutu hawezi kuwa kipofu kila mwaka." Wapo waliosema anapewa zawadi na wazazi. Wapo waliosema wale wazuri anawapeleka kwa siri kwenye timu kubwa. Kombo alipenda kumaliza kwa methali, "Lisemwalo lipo," halafu anamwangalia kila mtu usoni kana kwamba jibu limeandikwa kwenye paji la mmoja wetu. Baba alikanyaga cherehani yake. Mimi mazungumzo hayo yalininogea kuliko katuni. Nilijifunza mapema kwamba nyuma ya kila jambo kuna jambo.

Kisha ukaja mwaka wa Sefu. Sefu alikuwa na miaka kumi na mitatu, akiishi na mama yake ghorofa ya chini yetu katika jengo tulimoishi, mtaa wa Berea. Mama yake, mwanamke wa Tanga, alikaanga vitumbua na kuviuza asubuhi kwa watu waendao kazini. Sefu alikuwa na mguu wa kushoto ambao sijauona tena kwa mtoto yeyote. Korido yetu ilijaa ndoo za maji, baiskeli na majiko, naye alipita katikati na mpira, mbio, bila kugusa hata ndoo moja. Siku ya majaribio nilikuwepo. Kombo alishika kichwa kwa mikono miwili. Papa Dede, mtu wa maneno mengi, alisema tu, "Eish."

Siku chache baadaye kocha alikuja na karatasi yake ya majina matano. Chumbani tulikuwa watatu, na mimi nilikuwa mezani na daftari langu, kwa hiyo kwao nilikuwa kama sipo.

"Huyu ni bora kuliko wengine wote ukiwaunganisha," kocha alisema, kidole kikiwa juu ya karatasi.

"Najua," baba akajibu. "Mutoe."

Kocha alimwita kwa jina langu, kama wote walivyomwita. "Papa Neema, watu watanila nyama."

"Mutoe, kaka. Usiniulize mingi."

Na kocha hakuuliza. Hilo ndilo lililonishtua zaidi, kwamba hakuuliza. Baba alichukua kalamu, akakata jina la Sefu kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika jina la Patiriki. Patiriki alikuwa Mkongo mwenzetu, tukisali naye kanisa moja. Alikuwa mtoto mwema, na alikimbia kama mtu aliyebeba mayai.

Siku tatu nilimchunguza baba yangu. Nilimtazama akila, akipiga mswaki, akiomba kabla ya chakula, nikitafuta mahali uovu ulipojificha. Niliona tu mtu aliyechoka mgongo, na nikaamua kwamba hivyo ndivyo wajanja wanavyoonekana.

Majina yalipotangazwa, Kombo alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa amenunua magwinya mawili, yale maandazi ya huku, akanipa moja na kuketi karibu nami.

"Neema, mwanangu," aliniuliza taratibu, "wewe unakaa mle ndani kila siku. Umeona nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniuliza swali na kusubiri jibu. Nilimweleza yote, mstari ulionyooka, jina la Patiriki, hata kanisa. Kombo aliacha kutafuna. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akainuka, hakunitazama tena.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Watanzania walijitoa, wakasema Wakongo wanapeana nafasi, na timu ikagawanyika. Suruali za Kombo na wenzake zilihamia kwa fundi mwingine. Papa Dede alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akauliza, "Papa Neema, ni kweli?" Baba akasema, "Jina nililikata mimi." Papa Dede akangoja sababu. Sababu haikuja, naye akashuka ngazi. Baba aliacha ukatibu mwezi huohuo. Sefu alinipita koridoni bila salamu, na mpira sikumwona nao tena.

Jambo moja tu halikukaa sawa kichwani mwangu. Kila Idi, hata baada ya hayo, mama yake Sefu alipandisha kwetu sahani ya vitumbua, imefunikwa kitambaa safi. Kwa nini mama aliyedhulumiwa amletee vitumbua mdhulumu? Nilishuku mengi, mengine siwezi kuyaandika, maana mama yangu mzazi bado yu hai na anasoma. Sikuwahi kushuku ukweli.

Ukweli niliupata nikiwa mtu mzima. Mama Sefu alikuwa anarudi Tanga moja kwa moja, nami nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Aliniketisha kitandani kati ya mabegi.

"Sefu aliingia nchi hii kwa pasipoti ya mtoto wa dada yangu," alisema. "Ligi ilitaka cheti cha kuzaliwa. Fomu ile ingefika ofisini, na sisi tungerudishwa, au mimi ningefungwa na yeye abaki peke yake. Nilimwangukia baba yako. Nikamwambia, mkate jina, na asijue mtu, hata mtoto mwenyewe, maana ataropoka shuleni. Nilinyamaza wakimtukana. Nilimwona anatukanwa na nilinyamaza."

"Sefu anajua?"

"Nilimwambia alipokuwa mkubwa. Alikaa siku tatu hasemi nami. Ya nne akaenda kumsalimia baba yako." Sefu sasa anabandika vigae kwenye nyumba za watu kule Turffontein, ana karatasi zake halali na watoto wawili.

Nilikwenda kwa baba jioni ileile. Nilimwambia nilichoambiwa, nikamuuliza kama Sefu alikuwa peke yake.

"Kila mwaka walikuwaka wawili, watatu," alisema. "Wale wa mpira kabisa, lakini bila vyeti. Bosco alikuwa na jicho zuri. Tulipeleka wenye vyeti."

Nikafikiri juu ya Kombo na miaka yake sita ya kuhesabu wapiga gitaa. Alihamia Cape Town zamani, sikuwahi kumpata nimwambie. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuutua mzigo wangu, nikasema, "Papa, ni mimi niliyemwambia Kombo."

"Nilijuaka ni wewe," alisema. "Tulikuwa watatu mle ndani, na Bosco hakusema."

"Mbona hukunigombeza?"

Akanitazama kwa upole, karibu acheke. "Ningekugombeza, ungeuliza sababu. Na wewe, mama, siku zile haukuwa mutu wa kuambiwa sababu."

Nilikuwa nimekaa miaka nikijivunia macho yangu, kwamba niliona kalamu ikipita juu ya jina. Niliona kweli. Ila nilidhani mtu anayenyamaza anajilinda mwenyewe, na katika jengo lile, kumbe, aliyekuwa akilindwa ni mtoto wa chini yetu, na pamoja naye, kwa miaka yote, mimi, mtoto wa juu niliyemsema baba.