Kengele ya Mwendesha Winchi

Mama Kengele alichomelea vyuma kwenye karakana ya meli mpaka macho yakamwambia basi. Alipostaafu akapewa kazi ya kufagia kanisa na kupiga kengele, na ole wako umwambie ni kazi ndogo. Kanisa lile walilijenga wachomeleaji wa zamani, baba yake akiwemo, kwa mabati na mbao za meli zilizokatwakatwa. Kengele nayo waliing'oa kwenye meli chakavu. Tangu hapo mtu akifia kazini kengele hulia, na karakana nzima husimama mpaka inyamaze. Wakubwa wa kampuni waliichukia desturi hiyo kuliko mgomo.

Mwaka huu wakapata dawa. Waliliezeka kanisa upya, bure kabisa, kwa sharti moja: kengele ilie saa za ibada tu. Padri akashukuru na kukubali, kana kwamba kengele ni mali ya mama yake.

Basi asubuhi moja mwendesha winchi akaanguka, akafa. Ngazi ya winchi ilikatika, ngazi ileile aliyoilalamikia mpaka wakamwita mnung'unikaji. Mkewe alikuja kanisani mbio, kanga imefungwa ovyo.

"Mama, mpigie mume wangu. Nakuomba."

Mama Kengele akaenda mnarani. Kamba haipo.

"Nimeihifadhi," padri alisema nyuma yake. "Tutamwombea Jumapili, mama. Kwa utulivu."

"Utulivu? Mtu amepasuka kwenye zege, Padri, unaniletea habari za utulivu?"

"Lakini wametupa paa…"

"Kalale nalo hilo paa!"

Alikwenda nyumbani, akatoa nyundo yake chini ya kitanda, akarudi akapanda mnara kwa magoti yake mabovu, akitukana kila kidato, Mungu amsamehe. Akaigonga kengele kama anayevunja mlango.

Winchi ya kwanza ikasimama. Ya pili ikafuata, halafu mashine za kukatia vyuma, mpaka karakana nzima ikabaki na sauti moja tu. Meneja akafika na gari lake, shati limelowa jasho.

"Wewe mama! Itanyamaza saa ngapi?"

"Muulize marehemu!"

Akaendelea kugonga. Lakini mkono ni mkono, na wa kwake ulikuwa umezeeka. Ulipoanza kufa ganzi alilia kwa hasira, maana alijua akiacha tu, watu watarudishwa kwenye ngazi zilezile, na jioni wakubwa watakula na kulala vizuri.

Akahisi mtu amemshika bega. Mjane alikuwa amepanda nyuma yake, miguu mitupu.

"Lete hapa," alisema, akaipokea nyundo.

Mama Kengele akaegemea ukuta, akachungulia chini. Mlangoni mwa kanisa wachomeleaji walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na nyundo yake.