Kope za Mkwe Wangu

Mkwe wangu alikaribia kupofuka jicho la kushoto kwa sababu ya adabu. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani naandika habari za urembo. Urembo siujui. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa nikachunge ng'ombe, na yote niliyo nayo hapa Bujonde, mashamba ya mpunga, kakao, nyumba ya tofali za kuchoma, nimeyapata kwa baiskeli. Nilikuwa napakia mchele mpaka Songwe, narudi na vitenge na sabuni kutoka upande wa Malawi, mvua inaninyeshea mgongoni, na sikuwa na mjomba serikalini. Kwa hiyo naandika nilichokiona.

Nilichokiona siku ile ni uso wa mke wa mwanangu. Kwa mgeni hilo si jambo. Kwetu Wanyakyusa ni jambo. Mwanamke akishaolewa, baba mkwe hamtazami usoni, naye hamtazami baba mkwe. Tunaita ukutila. Hawakai chumba kimoja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Siku hizi wengi wameacha, hasa waliosoma, na kanisani wapo wanaosema ni mambo ya kizamani. Mimi sikuacha. Sikusoma kiasi cha kuacha vitu. Nikikaribia ua nakohoa, naye anapita nyuma ya jiko, anasimama kwenye migomba na kujifunika kitenge mpaka nipite. Nikiwa na kitu cha kumpa nakiweka juu ya kinu kilichofudikizwa karibu na mlango wa jiko, nikishaondoka anakuja kukichukua. Tuliishi hivyo tangu aolewe, na hatukugombana hata siku moja. Utagombana vipi na mtu ambaye katikati yenu kuna kinu.

Mwanangu alikufa. Aliugua tumbo, tukampeleka hospitali akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele, tukarudi naye amelazwa nyuma. Wazee wa ukoo walimuuliza mjane anataka nini, akasema anabaki na watoto wake. Nikasema abaki. Sikulia siku ya mazishi, na baada ya hapo sikulia. Watu walinisifu kwamba nimekaza moyo kiume. Sikukaza kitu. Umewahi kulalia mkono mpaka ukafa ganzi, ukaugusa ukaona kama umegusa mkono wa mtu mwingine? Ndivyo nilivyo tangu hapo. Nakula, naanika kakao, nabishana na wanunuzi, lakini ni kama kuna mtu anafanya hayo na mimi nimekaa pembeni namtazama.

Mkwe akaanza kazi ya kope. Aliisoma kwenye simu. Wanawake walikuja kwake siku za harusi na sendofu na kipaimara, akawabandika kope za bandia chumbani mwake haraka haraka, maana hakuna aliyekuja bila kuchelewa. Mimi nikiwa barazani nilikuwa nawasikia. Mmoja alisema ukibandikwa na huyu unatoka umekuwa ndama. Mwenzake akamjibu kwamba bora ndama, yeye mume wake anawatazama ng'ombe kuliko anavyomtazama yeye. Wakacheka, na mkwe akacheka nao kwa sauti ya chini, kwa kuwa alijua nipo nje. Mke wangu ndiye aliyenieleza kazi yenyewe. Unapima ule ukanda wa vinyweleo kwenye jicho la mtu, unakata uliozidi, unapaka gundi nyembamba kama uzi, unaipuliza mpaka ianze kunata, ndipo unabandika juu ya kope zenyewe huku mtu akitazama chini. Nikamuuliza zile mtu alizotoka nazo tumboni zina kosa gani. Akaniambia niende nikaanike kakao.

Basi ikafika Jumamosi ya sendofu ya mdogo wa mkwe, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, mjini Kyela. Mkwe ndiye alikuwa msimamizi wa bibi harusi. Ilikuwa sherehe yake ya kwanza tangu avue nguo za msiba. Mke wangu alitangulia asubuhi na wajukuu na wanawake wa jirani kwenda kupika, mkwe akabaki kuwabandika wateja wake. Walipoondoka akabaki yeye mwenyewe kujibandika, na bodaboda aliyemwita ameshapiga simu kwamba anakuja.

Jana yake kisigino cha kiatu cha mkwe kilikuwa kimeachia. Mke wangu akaniambia, nikaweka juu ya kinu kile kichupa changu cha supagluu, ninachogundishia ndara zangu. Akagundisha kiatu, kichupa akakitupia kwenye bakuli la vifaa vyake vya kazi. Ni kichupa kidogo, na cha gundi ya kope ni kidogo vilevile. Haraka ikafanya yaliyobaki. Alipaka, hakupuliza kwa kuwa muda haukuwepo, akabandika jicho la kushoto na kulifumba ili zishike. Zikashika. Kope ya juu na ya chini, zote zikawa kitu kimoja.

Mimi sikujua. Nilikuwa nageuza kakao, nikaona wingu linakuja kutoka ziwani, nikaenda uani kuchukua turubai la kufunikia. Nikakohoa kama kawaida. Nikamwona nyuma ya jiko kwenye migomba, amenipa mgongo, kitenge kimemfunika kichwa chote, mkono uko ndani ya kitenge usoni. Nikasema moyoni, huyu binti ana adabu, hata siku ya sherehe. Nikachukua turubai nikaondoka. Nikarudi kutafuta kamba, yupo palepale, sasa amechuchumaa. Nikakohoa tena, ili asije akadhani nimemvamia. Nilijisikia fahari kidogo, nisidanganye. Nilifikiri, wenye wakwe waliosoma waje wamwone huyu.

Kumbe alikuwa ametoka mbio kwenda kwenye pipa la maji aoshe jicho. Pipa liko katikati ya ua. Alisikia nakohoa akakimbilia migomba, na kila alipotaka kutoka nilikuwa nakohoa tena. Mimi naharakisha kupita ili asichoke kujificha, yeye anasubiri nipite, na gundi inakauka.

Nilikuwa nafungua kamba aliposema.

"Wewe mgomba, mwambie tata jicho langu limegandana. Nimekosea gundi."

Tata ni baba kwa Kinyakyusa. Sauti yake nilikuwa naijua kwa kupita ukutani, haikuwahi kuja upande wangu. Nilisimama. Nami sikuona njia nyingine ila ileile aliyoifungua.

"Mgomba," nikasema, "muulize ni gundi gani."

"Ile ya ndara."

"Mwambie asivute."

"Mgomba, mwambie tata nimeshavuta. Inachuna ngozi."

Hapo nikaona tunacheza.

"Acha mgomba. Geuka."

"Siwezi, tata."

"Mama yenu yuko mjini. Hapa tuko mimi na wewe na mgomba, na mgomba hauna mikono. Geuka."

Akageuka. Akatoa kitenge.

Nilimtazama. Watu wameniuliza baadaye nilijisikiaje, na jibu langu ni kwamba sikujisikia. Nilitazama kama ninavyotazama kakao aliyoleta mtu, hii imechacha vizuri, hii bado. Nilikuwa nimembeba kichwani kama msichana, yule niliyesikia anacheka siku aliyoletwa. Sasa nilimkuta mwanamke mtu mzima, mashavu yamebonyea, ana kovu dogo kidevuni ambalo mwanangu hakuwahi kunitajia. Jicho la kulia lilikuwa wazi, linaniangalia, halafu linaanguka chini, halafu linaniangalia. La kushoto lilikuwa mstari, na juu ya mstari zile kope nyeusi zimesimama wima kama ufagio. Pembeni alipovuta palikuwa pamechubuka, pana damu.

Nilijua cha kufanya, au nilidhani najua. Supagluu ikinishika vidoleni huwa naitoa kwa petroli. Nikaenda stoo, nikaja na kidumu na kitambaa, nikakilowesha. Alisikia harufu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mgomba.

"Tata, petroli itaniua jicho."

"Inatoa gundi hii."

"Mkononi. Mimi hili naonea."

Alisema bila kupaza sauti. Nilikiweka kitambaa chini. Sijazoea kuambiwa hapana uani kwangu, hata na mke wangu, lakini jicho halikuwa langu. Nikachota maji kwenye pipa, nikamwagia kwa kikombe polepole akiwa ameinama. Jicho halikufunguka. Maji yalikuwa yanashuka yakipita shavuni na mimi natazama kikombe.

Bodaboda akafika, anapiga honi kwa mtu anayekwenda sherehe. Nikamwambia tunakwenda hospitali ya wilaya, watu wawili. Akatuangalia. Akauliza nani atakaa katikati. Kijana wa hapahapa, alijua alichokuwa anauliza. Mkwe alisema atakwenda peke yake. Nikamwambia mwenye jicho moja atayumba aanguke, apande. Akapanda nyuma ya dereva, nami nikapanda nyuma yake, magoti yangu nimeyatanua kama chura, mikono nimeshika chuma cha nyuma. Kakao ikabaki nje na mvua ikaanza.

Penye njia panda kuna mama anauza ndizi, ananijua tangu nikiwa na baiskeli. Aliziba mdomo kwa mkono, kisha akautoa ili aseme.

"Mzee, leo umepakatana na mkweo?"

"Nimepakata jicho," nikamwambia. Mpaka jioni Bujonde nzima walikuwa nayo.

Daktari alikuwa binti mdogo. Aliuliza mimi ni nani wa mgonjwa nikasema baba. Akamwegemeza mkwe kichwa nyuma, akaweka matone ya ganzi, akaniambia sasa hatasikia kitu. Akafanya kazi muda mrefu, dawa ya mafuta, pamba, kimkasi. Zile kope za dukani zikatoka, na za kuzaliwa akazikata nazo mpaka kwenye ngozi. Jicho likaachia upande mmoja, upande wa pua bado. Alisema lisilazimishwe, litaachia lenyewe, ila gundi imeingia ndani na imekwaruza kioo cha jicho. Nikamuuliza ataona au hataona. Akasema tusubiri, na dawa isikose hata mara moja. Kuhusu petroli sikumwambia. Mkwe ndiye aliyemwambia, na yule binti akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

Sendofu ilipita. Binamu yake alisimama mahali pake. Simu ilikuwa inaita kwenye pochi mpaka akaizima.

Nyumbani dawa ilikuwa kazi. Yeye mwenyewe akijitonesha, jicho lilikuwa linakimbia. Mke wangu mikono inamtetemeka tangu augue, matone yakawa yanakwenda sikioni, na kichupa chenyewe hakikuwa na dawa ya kumwaga. Nikamwangalia mara mbili akikosea. Nikakichukua. Nikamwambia mkwe akae kwenye kigoda, atazame juu. Nikashika kope kwa kidole gumba, kope isiyo na unyweleo hata mmoja, laini kama ya kifaranga, nikatonesha. Mke wangu alikaa palepale akitutazama. Kesho yake nikafanya tena, na kesho yake.

Kaka yangu alikuja, yeye ndiye mkubwa wetu. Alikaa, akanywa maji, akanieleza kwa utaratibu mzuri kwamba wazee wamesikia nimemshika mkwe uso, tena si mara moja, na jambo hilo lina kuku wake wa faini, na kama nimeamua kuacha mila nilipaswa kusema kikaoni. Mkwe alikuwa jikoni anasikia. Nilimwambia sijaacha mila yoyote.

"Jicho likipona nitaleta kuku," nikasema. "Likipofuka niambie nilete nini."

Kaka alisimama. Aliuliza bei ya kakao, nikamwambia ile iliyonyeshewa imeota ukungu, akaondoka.

Liliachia asubuhi moja nikiwa nimeshika kichupa. Sikufanya kitu, nilivuta kope kama siku zote, na ule upande wa pua ukafunguka. Jicho lilikuwa jekundu lote. Likazunguka, likatafuta, likasimama.

"Unaona?" nikamuuliza.

"Naona, tata."

"Unaona nini?"

"Kidole chako. Kina ukungu, lakini ni kidole." Akakisogezea uso. "Kucha yako ni kama ya baba watoto. Ile iliyopasuka."

Nikaitazama kucha. Ni kweli imepasuka. Nilingoja kidogo nione kama kitu kitakuja, furaha au kile kingine ambacho watu walikuwa wananingojea nacho tangu mazishi. Hakikuja. Mke wangu alikuwa analia mlangoni, analia kwa niaba ya nyumba nzima, na mimi nikatonesha dawa ya asubuhi, maana daktari alisema isikose, nikafunga kifuniko. Mkwe akasema ndaga fijo, asante sana, kwangu na si kwa mti.

Nikamwambia sasa kuna kuku wa kaka.

Akatoka uani. Nilimwona akifumba jicho la kulia na kulitumia la kushoto peke yake, analijaribu. Akainama na kutawanya pumba, kuku wakaja, akanyakua jogoo kwa miguu mara moja tu, hakumkosa. Akanigeukia na jogoo anapigapiga mabawa.

"Tata, apelekewe huyu au yule mwekundu?"

"Huyohuyo," nikasema, nikanyoosha mkono akanipa.