Kikinga-Upepo cha Thadei

Wifi yangu Judica ana mdomo. Akikasirika anasikika hadi kwa jirani wa tatu, na watu wa kwetu huku Hanang, wanaogombania mpaka wa shamba kwa sauti ya chini kama wako kanisani, wanasema mwanamke yule hakulelewa. Uongo mtupu. Alilelewa nyumba moja na mume wangu Thadei, na mama yao ni huyo huyo mmoja. Kama hamjui kilichomkasirisha mwaka huu, kaeni niwaeleze mimi Evaline, maana hasira ile ni yangu pia.

Kazi yake ni faiba, ile ya nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi. Ana kibanda Dongobesh, karibu na stendi, anaziba bampa za Hiace na matangi ya maji yaliyopasuka. Alijifunzia Arusha kwa fundi aliyempigisha msasa mwaka mzima kabla ya kumruhusu kushika brashi. Vumbi la faiba linamwasha kila siku, na mikono yake imechunika mpaka harusini havai gauni la mikono mifupi. Wanaume wakileta bampa zao humuuliza fundi yuko wapi. Huwajibu kwamba fundi ameenda kuwatafutia adabu, wakae wamsubiri.

Thadei yeye alikuwa dereva wa boti ya kijiji. Ni boti ndogo yenye injini nyuma na usukani mbele. Inavusha nesi wa chanjo, inavusha wagonjwa mpaka ng'ambo ya ziwa wanakopandia basi la hospitali ya Haydom. Mbele iko wazi kabisa. Upepo wa kwetu unashuka mlimani na baridi yake yote, unachota maji na kumwagia dereva kifuani, asubuhi nzima, kwenda na kurudi. Mwaka jana alipata nimonia, akalazwa, na daktari akamwambia wazi kwamba kifua kile kikipigwa na upepo tena hivyo, hatamhakikishia kitu. Aache boti, au boti izibwe mbele.

Nilikwenda mwenyewe kwa mzee Sulle, mwenyekiti wa kamati ya boti. Nilimwamkia vizuri, nikamweleza. Akanijibu kwamba boti si chumba cha kulala, kwamba madereva waliotangulia hawakuzibiwa kitu. Waliotangulia! Wawili kati yao tumewazika, na wote kwa kifua, na yeye alikuwa wa kwanza kutupa udongo. Kisha akasema kamati inampa Thadei mpaka Jumatatu ya kliniki. Asipoonekana kwenye usukani siku hiyo, ufunguo anapewa mtu mwingine.

Mtu ataniambia, si angelima tu. Alime wapi? Na hata kama shamba lingekuwepo, Thadei aliipenda kazi ile. Akina mama waliojifungulia mle botini wamewaita watoto wao Thadei. Nyumbani ni mtu mpole hadi anakera, lakini akikaa kwenye usukani anakuwa mtu mwingine, mgongo umenyooka, ananipungia mkono mmoja kama waziri. Nilimpenda zaidi akiwa pale.

Nikampigia Judica. Alifunga kibanda siku hiyo hiyo, akaja na galoni la rezini, ndiyo gundi yenyewe, mkeka wa faiba umeviringishwa kwenye gunia, na hadena, dawa ya kuigandisha rezini, ndani ya chupa aliyoifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Akamkalisha Thadei kwenye usukani, akaanza kumpima: kidevu, mabega, viwiko. Alinieleza kwamba kikinga-upepo hakinunuliwi kama sufuria. Kikiwa kirefu dereva haoni mbele, kikiwa kifupi kinamrushia upepo wote kooni, na hapo ni afadhali kisingekuwepo. Ukingo wa juu lazima uishie usawa wa kidevu cha mtu mwenyewe. Na Thadei ni mfupi.

Alitengeneza kalibu kwa plaiwudi, nyuma ya jiko letu, akaipaka polishi ya sakafu ili faiba isigande nayo. Akatandika mkeka, akapaka rezini, akatandika tena. Baridi ya Juni ikamtesa. Rezini haipendi baridi, inakauka polepole, na ukiongeza hadena kwa haraka zako, kitu kinakuja kupasuka. Kwa hiyo alisubiri, na kusubiri kwa Judica ni kutukana. Alitukana baridi, mawingu, kamati, mzee Sulle na babu yake Sulle. Jumapili asubuhi alikichomoa kwenye kalibu, akapaka mkono wa mwisho wa rezini, akakiegemeza ukutani juani. Kilikuwa kizuri, jamani, kimejikunja mbele kama kifua cha njiwa. Tukaenda misani kwa furaha, tukamwacha mama mkwe nyumbani na miguu yake inayovimba.

Tuliporudi tulikuta kikinga-upepo kimekandikwa mavi ya ng'ombe.

Chote, mbele na nyuma, kwa ustadi kabisa, yamechanganywa na majivu na kusawazishwa kwa kiganja kama kihenge kipya cha mahindi. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yake, mavi yamemkaukia mikononi mpaka kwenye viwiko, amechoka na ameridhika. Mkono ule wa mwisho wa rezini ulikuwa haujakauka. Unyevu ulipouingia uligeuka mweupe, ukawa unanata kama ulimbo, na mavi yameshika ndani.

Judica hakumwamkia mama yake. Alisema, "Mama, umemuua Thadei."

"Nilikiangalia juani, nikaona mwanga unapita," mama mkwe akasema. "Kihenge kikipitisha mwanga kina matundu. Nikajua wamemuuzia binti yangu kitu kibovu, upepo utamkuta mtoto wangu humo humo."

Faiba isiyopakwa rangi ndivyo ilivyo, inaonyesha mwanga, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Judica alimwambia siku hiyo, kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia. Mimi sikumzuia. Kwa kweli nilitamani nami niwe na mdomo kama ule.

Jumatatu alfajiri Thadei aliamka, akavaa koti, akasema anakwenda hivyo hivyo. Judica akasimama mlangoni. Mimi nikamvua koti, kitufe kimoja kimoja, huku ananitazama tu. Saa tatu tukasikia boti inawaka ziwani bila yeye. Ufunguo alikuwa amepewa Joakimu, kijana wa watu, juzi tu amepata mapacha. Thadei alikaa kitandani akisikiliza ile injini mpaka ilipopotea.

Juma zima Judica alipiga msasa. Mama mkwe alimletea kiti chake hapo hapo, akachukua kipande cha msasa bila kuulizwa, akasugua upande wa pili. Walikuwa hawasemezani, lakini walisugua. Wakafika kwenye faiba safi, Judica akapaka rezini upya, safari hii na rangi ya bluu juu yake, na mama mkwe akakiinua juani akaona mwanga haupiti, akakirudisha chini.

Tukakibeba mpaka ziwani, sisi wote. Mzee Sulle alikuwepo na kamati yake. Judica akampa shikamoo kavu, akasema, "Hiki nimekipima kwa mwili wa kaka yangu. Mrudishie ufunguo nikifunge sasa hivi."

Mzee akakigonga kwa kidole, akakisifia. Akasema kamati ilishakaa, ufunguo haurudi nyuma, ila kijiji kinashukuru kwa msaada huu na kikinga-upepo kifungwe kwa ajili ya dereva mpya.

Msaada! Judica alikinyakua, akasema ni afadhali akichome moto mbele yao, na kwamba hata wakikiiba hakitawafaa, maana Joakimu ni mrefu kama mlingoti na kitamrushia upepo wote kooni. Tayari alikuwa amegeuka kuondoka.

Joakimu alikuwa amesimama majini, ndiyo kwanza anarudi ng'ambo. Shati lake lilikuwa limeloa kifuani na meno yanagongana. Alikuwa anaangalia chini kama mwizi. Thadei akamtazama, halafu akamshika dada yake mkono.

"Mpimie," akasema.

Judica akamuuliza kama amerukwa na akili.

"Mpimie, Judica. Mimi nimeshaumwa. Yeye bado."

Nilitaka kumzaba mume wangu kibao, nawaambia kweli, pale pale mbele ya kamati. Judica naye alimtukana, akamtukana mzee Sulle, akatutukana sote tuliokuwepo. Kisha akaingia majini na viatu vyake, akapanda botini nacho, akakisimamisha mbele ya usukani, akamwita Joakimu akae kwenye usukani, mgongo wima, asijikunje. Akamwekea kiganja chini ya kidevu. Vidole vyote vitano vilienea kati ya kidevu kile na ukingo wa faiba, na akaanza kuhesabu ni kiasi gani aongeze.