Nusu Fainali Niliyoisikilizia Ikoma

Netiboli nilijifunzia shule ya msingi, Nyamwaga, kwenye uwanja wa udongo ulioinamia upande mmoja. Goli lilikuwa pete ya chuma iliyopigiliwa misumari kwenye nguzo ya mkaratusi, na mpira ukitoka nje ulikuwa unateremka hadi kwenye migomba ya watu. Kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wote, mwalimu aliniweka nyuma nilinde, na huko nyuma ndiko nilikobaki mpaka nikafika chuo kikuu.

Chuo kilikuwa mbali, mkoa mwingine kabisa. Wiki ya tatu tu nilikuwa nimeshachukuliwa kwenye timu. Mazoezi yalianza saa kumi jioni, na semina ya takwimu nayo ilikuwa saa kumi, kila Jumanne. Ningeweza kuomba kuhamishiwa kundi lingine la semina. Sikuomba. Nilijiambia takwimu nitaisoma mwenyewe, kisha kila Jumanne nikawa navaa raba nashuka uwanjani. Mwisho wa mwaka matokeo yakatoka: nilikuwa na sapu, yaani nimefeli takwimu na natakiwa kurudia mtihani kabla masomo hayajaanza upya.

Mama nilimwambia shambani, akiwa anakata majani makavu ya migomba.

"Sapu ndiyo nini?" aliniuliza kwa Kikurya.

"Ni kurudia mtihani, mama."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa nacheza mpira."

Akasimama na panga lake mkononi. Nilisubiri kelele. Mama yangu anajua kupiga kelele, majirani ni mashahidi. Lakini alinitazama tu.

"Unaupenda huo mpira?"

"Naupenda."

"Basi cheza. Ila hilo neno ulilolisema sasa hivi, usinirudishie tena hapa."

Nilirudia mtihani nikapita kwa alama za chini kabisa. Mwaka wa pili ulipoanza, nahodha wetu alikuwa anaingia mwaka wake wa mwisho. Alikuwa anasomea ualimu wa hisabati. Ndiye aliyesimama chini ya goli, mimi nikisimama mbele yake, na kwa urefu alinifikia begani tu. Ila alikuwa anajua mpira utaangukia wapi hata kabla mrushaji hajaamua.

"Mdogo wangu," aliniambia siku moja tukifunga kamba za viatu, "nasikia ulikamatwa na takwimu."

"Nilishaifuta, dada."

"Kuifuta siyo kuielewa. Kesho njoo na daftari."

Kesho yake nikaenda nalo. Tukawa tunakutana nusu saa kabla ya mazoezi, kwenye ngazi za uwanja, ananiuliza maswali. Nikikosa jibu, tunakimbia raundi moja. Nilimwambia hiyo si haki, maana na yeye anakimbia. Akasema, "Mwanafunzi akikosa, mwalimu naye kakosa. Twende." Wiki za kwanza tulikimbia sana. Kufikia mitihani ya katikati ya mwaka tulikuwa tunakaa pale kwenye ngazi tunapiga stori, kwa sababu raundi zilikuwa zimeisha.

Nikajifunza kuipanga siku. Alfajiri nasoma, mchana vipindi, jioni mpira, nikitoka hapo naoga, nakula, na kulala mapema kama mtoto. Wasichana wa bwenini walinicheka kwa huko kulala. Sikujali. Uwanjani nahodha alikuwa na ukelele wake mmoja, "Kushoto!", maana yake upande huo ni wangu, na mara nyingine alikuwa analiita jina langu tu, nami najua pa kwenda bila kugeuka. Sijawahi kuelewana na mtu namna hiyo tena, hata kazini, hata nyumbani.

Mwaka ule timu ilifuzu kwenda mashindano ya vyuo. Kwa nahodha yalikuwa ya mwisho. Na hapo ndipo ratiba ya mafunzo kwa vitendo ilipotoka. Nilikuwa nasomea uhifadhi wa wanyamapori, nikapangiwa Ikoma, karibu na geti la hifadhi, kuzungumza na wakulima ambao mashamba yao yanaingiliwa na tembo. Tarehe ziligongana na mashindano.

Nilimfuata mhadhiri aliyekuwa msimamizi wangu nikamwomba ruhusa ya wiki moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Upande huo wa Serengeti napita mara moja tu," alisema, "na ni wiki hiyo hiyo. Nisipokukuta, sina alama ya kukupa. Mimi mwenyewe nilicheza mpira, kwa hiyo sikwambii usiende. Nakwambia tarehe."

Nilikaa na zile tarehe siku mbili. Nilimfikiria mama na panga lake. Kisha nikaenda kumwambia nahodha, pale pale kwenye ngazi. Hakunigombeza. Aliendelea kufunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

"Sawa," alisema. "Kasome."

Ikoma nilifikia kwa mama mmoja mjane, mkulima wa mahindi na mtama. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanionyesha kitanda, na kesho yake asubuhi akanionyesha shamba. Tembo walikuwa wamepita katikati yake. Tulipima nyayo kwa futi yangu ya kamba, mimi naandika, yeye anacheka kwamba chuo kinatufundisha kupima miguu. Jioni nilikuwa naruka ukutani peke yangu, nagusa alama niliyoichora kwa mkaa, ili mwili usisahau.

"Binti, unamfukuza nani?" aliniuliza.

Nikamweleza habari za timu yote, mpaka mboga ikaungua.

Nusu fainali ikaangukia siku ile ile aliyokuja mhadhiri. Alifika asubuhi, tukazunguka mashamba, akawauliza wakulima, akaniuliza mimi, akafungua daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye jedwali la wastani wa uharibifu aliniuliza kwa nini sampuli yangu ina kaya chache upande wa magharibi. Nilimjibu bila kusita. Nilikuwa nasikia sauti ya nahodha katika lile jibu. Saa nane na nusu akafunga daftari, akasema hana swali lingine.

Mechi ilikuwa saa tisa. Mtandao kwa uhakika ulikuwa unapatikana kwenye kilima kidogo jirani na kisima cha pampu. Nikakimbia. Mchezaji mmoja wa akiba alikuwa na simu ya nahodha, akaiweka wazi pembeni ya uwanja na kunisimulia: tunaongoza kwa mawili, sasa wamesawazisha, sasa mwamuzi anatuonea. Nyuma ya sauti yake nilisikia filimbi, vigelegele, na "Kushoto! Kushoto!" Miguu yangu ikasogea yenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa amenifuata na ndoo yake, akasimama pembeni.

Robo ya mwisho simu ilijaa kelele nisielewe nani kafunga. Halafu yule wa akiba akaniambia: Tumefungwa kwa goli moja.

Ilipita muda ndipo nahodha akashika simu. Alikuwa anahema.

"Mwalimu wako alikuja?"

"Alikuja."

"Alikuuliza nini?"

"Sampuli."

Akacheka, cheko fupi. "Kumbe zile raundi zilikuwa na kazi." "Nilikuita mara mbili leo. Jina lako kabisa. Huyu mtoto wa watu aliyeshika nafasi yako akawa anageuka kunishangaa, na mpira unapita."

Nilitaka kusema samahani, ila sikuona ni samahani ya kitu gani. Nilibaki nimeikandamiza simu sikioni. Yeye akasema basi wanawaita kwenye gari, akakata.

Alama za mafunzo nilipata nzuri. Mwaka wa tatu nikapewa unahodha, nikacheza na wasichana hodari, na nilihitimu bila sapu nyingine. Sasa nafanya kazi ya uhifadhi huku huku Serengeti. Kama kuna mtu ataniuliza kama nilichagua vizuri, nitamjibu ndiyo, bila uongo wowote. Lakini ikifika saa kumi jioni, hata nikiwa ofisini, kuna kitu mwilini kinataka kusimama.

Yeye anafundisha hisabati shule moja kusini, mbali sana na sisi. Tunaandikiana sikukuu zikifika. Hatujaonana tangu nilipoondoka chuoni kuja Ikoma.

Krismasi moja nilipokuwa Nyamwaga, mama aliniuliza ghafla, "Yule mwenzako aliyekuwa anakukimbiza ukikosa majibu, yuko wapi?"

Nikamwonyesha picha yake kwenye simu, amenenepa, amebeba mtoto. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho.

"Mwambie aje nimwone."

Nilimwandikia siku ile ile. Alijibu kwamba shule zikifungwa atajaribu. Zimefungwa mara mbili tangu hapo, na kila zinapokaribia kufungwa mama ananiuliza mgeni wake alale chumba kipi.